Aliyemshikia Lusekelo Mapigo

Nilikwenda kumuua mtu kwa utulivu. Nasema mapema, asije mtu akaanza kunihurumia halafu akajutia huruma yake mbele ya safari. Sikubeba kisu wala sumu. Nilibeba moyo wangu mwenyewe, moyo niliokuwa nimeufundisha kwa betri arobaini mfululizo kupiga polepole, mapigo hamsini na nane kwa dakika, usipande hata nikitukanwa, usipande hata nikikumbuka. Jina langu Nyamizi. Mtu niliyemwendea anaitwa Lusekelo, na wakati huo alikuwa amelala kitanda cha kumi na nne katika Nyumba ya Mapigo, mgonjwa, hana ndugu hata mmoja wa kumletea uji. Nilifurahi sana niliposikia hana ndugu.

Nyumba ya Mapigo iko juu ya kilima ambacho kila anayekipanda hukikuta na urefu wake. Nimewahi kukipanda nikiwa binti nikafika juu nimezeeka. Safari hii nilikipanda kwa pumzi moja, maana hasira ina miguu mizuri. Ndani hakuna saa. Zamani zilikuwepo, misumari yake bado iko ukutani, lakini wakubwa wa nyumba walisema kila mgonjwa sasa amevaa saa yake mwilini, hizi nyingine za nini. Wakazing'oa. Tangu hapo muda hupimwa kwa betri: tangu bangili inapochajiwa hadi inapoomba chaji tena, hiyo ndiyo siku, iwe fupi iwe ndefu. Nimeona kijana akiingia na mafua akatoka betri hiyohiyo na mvi hadi kwenye nyusi. Nimeona bibi akitoka na meno ya utotoni, mjukuu wake amembeba mgongoni. Hakuna aliyeuliza. Dakika zimebakizwa kwa kazi moja tu, kuhesabia mioyo.

Hiyo bangili ni ya mpira mweusi, na kwa ndani ina kihisi, kijicho cha kijani kinachoitazama damu ikipita chini ya ngozi. Hakifumbi. Kila kinachokiona hukipeleka Ukumbi wa Kusikiliza, chumba kirefu juu ya ghorofa ambako Wasikilizaji wamekaa mbele ya vioo, kila kitanda na kioo chake. Moyo ukienda sawa, taa ya bangili ni ya kijani. Moyo ukichachamaa au ukizubaa, bangili hutetemeka na taa huwa nyekundu, na kule ukumbini kengele hulia. Msikilizaji ana njia mbili. Anaweza kumtuma muuguzi akimbie. Au anaweza kubonyeza kitufe kilichoandikwa Kimya, na hapo taa ya bangili hugeuka njano. Kitufe hicho kimelika katikati kwa kuguswa, maandishi yake yamebaki herufi za pembeni tu.

Nimekiwaza sana kile kitufe. Nimekiwaza nikila, nikifua, nikichambua mchele. Nimejiuliza: moyo unaolia na mtu akaunyamazisha, kwani umeacha kulia? Na kama haujaacha, kilio chake kimekwenda wapi? Kimerudi ndani ya mwenyewe, au kiko bado hewani kinazunguka kikitafuta sikio? Na huyu aliyekaa juu, asiyeniona, asiyejua napenda nini na namwogopa nani, amepewa na nani uwezo wa kuamua kwamba kilio hiki ni cha kweli na kile ni cha deko? Wenye elimu watanijibu kwa maneno mazuri. Mimi sikutaka maneno mazuri, nilitaka jina la mtu, na nikalipata.

Lakini kwanza lazima niseme juu ya kushikia mapigo, maana bila hilo hutaelewa nilivyopanga kuua.

Bangili haipatani na maji. Ukiivua ikakaa mbali na ngozi kwa mapigo mia, nyumba nzima hupiga kelele, milango hujifunga, wagonjwa huamka wakidhani ni kiyama. Tangazo ukutani linasema mgonjwa anapooga, muuguzi aivue bangili na asimame naye mpaka amalize. Tangazo zuri, limewekewa hata kioo. Wauguzi ni wachache, nao wanakimbizana na taa nyekundu tangu betri inapojaa mpaka inapokwisha. Basi ndugu wa wagonjwa wakagundua njia. Mgonjwa anavua bangili, ndugu anaivaa yeye, anakaa nje ya bafu, mpaka mgonjwa atoke. Nishikie mapigo nikaoge: ndivyo watu wanavyoombana, kwa sauti ileile ya kumwomba jirani akutazamie chungu jikoni. Hakuna aliyefundishwa na kila mtu anajua. Hata Wasikilizaji wanajua. Wanaona moyo wa kikongwe unaanza ghafla kupiga kama wa bibi harusi, wanaambiana, huyo anaoga, na wanageukia vioo vingine.

Na unapoivaa bangili ya mtu, unakuwa mtu huyo. Sisemi kwa mafumbo. Jina lake linaonekana mkononi mwako, muuguzi akipita anakuita kwa jina hilo, nawe unaitika. Mimi nimeitwa Kalunde nikaitika. Magoti yakaniuma maumivu ya Kalunde, nikakumbuka kisima ambacho sijawahi kuchota maji, nikamkumbuka mwanamume aliyenioa kabla sijazaliwa. Kalunde ni mama yangu mzazi.

Mama alilazwa kitanda cha tisa kwa sababu pumzi yake ilikuwa inakatika. Betri mbili za kwanza alikuwa na nafuu, akawa anawatania wauguzi kwamba wamemvisha pingu za gereza la kitajiri. Betri ya tatu bangili ilianza kulia. Ilitetemeka, ikawa nyekundu, nikasimama, nikangoja mtu aje. Ikageuka njano. Nilimwuliza muuguzi aliyekuwa anapita mbio, njano maana yake nini. Akanijibu bila kusimama, "Njano maana yake wamesikia." Nikashukuru. Nilikaa pale nikashukuru mara kumi na moja. Mara kumi na moja ilikuwa nyekundu, mara kumi na moja ikawa njano, na kila mara nilimwambia mama, wamesikia, tulia, wamesikia.

Kisha mama akasema ananuka ugonjwa. Akataka kuoga.

"Nishikie, mwanangu," akaniambia. "Sichelewi."

Nikaivaa. Nilikaa kwenye benchi nje ya bafu na bakuli la karanga mapajani, namenya, kwa sababu alikuwa amezitamani. Na taa ikawa ya kijani. Baada ya nyekundu zote zile, kijani kitupu, kimetulia kabisa. Moyo wangu ulijaa raha. Nilidhani amepona. Wewe unayesoma umeshaona nilichoshindwa kukiona, na usijione hodari, hukuwa na bakuli la karanga mapajani. Aliyekuwa mzima ni mimi. Niliendelea kumenya mpaka bakuli likajaa, maji yanatiririka ndani, na nilipoita hakuitika, na nilipoingia alikuwa amelala sakafuni ubavu ubavu, mkono chini ya shavu, baridi. Juu ukumbini mama yangu alikufa akiwa mzima kabisa.

Niliomba kumbukumbu ya kioo chake. Nilinyimwa, nikakaa mlangoni, wakachoka na mimi wakanipa. Mistari kumi na moja. Mbele ya kila mstari: imenyamazishwa na Lusekelo. Nililisoma jina hilo mpaka likapoteza maana, kisha nikalisoma tena mpaka likapata maana nyingine. Katika zile tahadhari kumi na moja angemtuma muuguzi mara moja tu, mama angewekewa hewa, asingesimama kwenda kuoga. Hesabu yangu ilikuwa imenyooka hivyo. Sikutaka kuongeza kitu wala kupunguza.

Betri nyingi zikapita, sijui ngapi, na habari ikanifikia kwamba Lusekelo, Msikilizaji Mkuu, ameteremshwa kutoka ukumbini. Moyo wake ulikuwa umeanza kujisahau. Unapiga, unapiga, unanyamaza kidogo, unashtuka, unaendelea. Wakamvisha bangili, wakamlaza kama wengine. Nilicheka peke yangu mpaka majirani wakabisha hodi. Ndipo nikaanza kuufundisha moyo wangu.

Mpango ulikuwa huu. Mtu asiye na ndugu hana wa kumshikia mapigo, kwa hiyo haogi. Nitajitolea. Nitamvua bangili nitaivaa mimi, nitamwacha bafuni na moyo wake unaojisahau, na utakaposahau kabisa, mimi nitakuwa nje nimetulia, hamsini na nane, kijani, na Nyumba ya Mapigo yote itaapa kwamba Lusekelo hajambo. Atakufa akiwa mzima, vilevile. Kila nilipofanya mazoezi nilikaa sakafuni nikajilazimisha kuiona ile sakafu ya bafu, ule mkono chini ya shavu, na moyo ulipopanda niliukemea, nikaanza upya. Ulinichukua muda, lakini nilifika mahali naweza kumwona mama amelala pale na moyo wangu usiongeze hata pigo moja. Nilijivunia jambo hilo, na sasa nikilifikiria naona aibu.

Muuguzi wa zamu aliitwa Chausiku, mwanamke mnene wa miguu myepesi, kandambili mkononi kwa sababu alikimbia vizuri zaidi pekupeku. Nilipomwambia nimekuja kujitolea kwa wasio na ndugu, karibu anikumbatie.

"Mungu akuzidishie, dada yangu. Yule mzee wa kumi na nne ana betri sita hajagusa maji. Wenzake wanalala wamempa mgongo." Akashusha sauti. "Ila maji yawe vuguvugu tu, sawa? Daktari amesema ya moto yanaweza kumwangusha."

"Vuguvugu," nikasema.

Nilimkuta ameegemea mito, mtu mrefu aliyepungua, masikio makubwa. Sijui nilitarajia nini. Nilikuwa nimeishi naye muda mrefu kichwani mwangu na mle alikuwa mnene, ana pete, anacheka. Huyu alikuwa na makamasi yaliyokauka.

"Shikamoo," nikamwambia. Sijawahi kuitoa shikamoo yenye sumu namna ile.

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono."

Nilidhani anataka nimwinue. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, namna ya kizamani, akafumba macho. Akasikiliza. Nikauweka moyo hamsini na nane na nikamtazama usoni.

"Nakujua," akasema.

"Hatujaonana hata siku moja, mzee."

"Kuonana hatujaonana. Nimekusikia. Kitanda cha tisa, mama yako alipokuwa anaoga." Alifumbua macho. "Siku hiyo ulikuwa sabini na mbili. Umejifunza kuushusha. Kwa nini?"

Nilisema kile nilichokuja nacho, polepole, kila neno na nafasi yake. "Ulimnyamazisha mama yangu mara kumi na moja."

"Kumi na moja, ndiyo." Hakutafuta pa kujificha, na hilo liliniudhi kuliko uongo. "Siku ile vilikuwa vinalia vitanda sitini. Aliyekohoa analia. Aliyeota ndoto mbaya analia. Aliyeletewa mtoto wake akafurahi, naye analia. Nilikuwa peke yangu, wenzangu wawili walikuwa wamekwenda kupumzika. Mama yako alilia nikasema, huyu ana kelele. Alipolia tena nikasema, si nilishasema huyu ana kelele. Baada ya hapo sikuwa namsikia yeye, nilikuwa najisikia mwenyewe nilivyosema."

"Huombi hata msamaha."

"Ungenipa?"

"Hapana."

"Basi tusisumbuane." Akajivutia mto. "Lakini na mimi nina swali, mwanangu, limenikalia hapa tangu siku ile. Ile ya kumi na mbili?"

"Hakukuwa na ya kumi na mbili."

"Hakukuwa," akasema. "Hiyo ndiyo ninayoiwaza. Kidole changu kilikuwa kimeshachoka kumnyamazisha. Nilikuwa nimejiambia akilia tena namtuma mtu. Nikangoja. Kioo kikawa kijani, sabini na mbili, kimenyooka kama uzi. Nikajua anaoga, na aliyemshikia ametulia, na mtoto hawezi kutulia hivyo kama mama yake ana hali mbaya. Nikaenda kunywa chai."

Kama ningekuwa na kisu wakati ule, hadithi hii ingeishia hapa. Alikuwa ameuchukua utulivu wangu wa siku ile, kitu pekee kizuri nilichokuwa nacho kuhusu siku ile, akajifunika nacho. Alikuwa ananigawia kifo cha mama yangu nusu kwa nusu kama mkate. Nilimchukia kwa nguvu mpya, nguvu ambayo sikuwa nimeifanyia mazoezi. Lakini moyo ulikaa palepale, hamsini na nane, nikauhesabu. Nilimwuliza maji yawe vipi.

"Ya moto," akasema. "Vuguvugu linaniletea baridi."

"Daktari je?"

"Daktari haogi mwili huu."

Nikaenda nyuma ya jengo, kwenye jiko la kuni, nikachemsha maji. Sikumlazimisha. Aliomba mwenyewe kwa kinywa chake. Wauaji wote wanapenda sana kuambiwa kitu kama hicho, na mimi nilijiambia mara nyingi kadiri maji yalivyozidi kuunguruma.

Tulivuka ukumbi wa wagonjwa yeye ameniegemea, mwepesi kuliko ndoo. Nilimkalisha kwenye kigoda bafuni, nikamwekea ndoo na kopo, nikaivua bangili mkononi mwake nikaivaa kwangu kabla mapigo mia hayajaisha. Mvuke ulikuwa umeshaanza kujaa. Nikatoka, nikavuta mlango wa bati, nikakaa kwenye benchi. Lilikuwa benchi lingine, la plastiki. Taa ikapepesa, ikanitafuta, ikanipata. Kijani. Mkononi mwangu pakaandikwa: Lusekelo.

Na kama nilivyosema, unakuwa mtu huyo.

Mimi ni Lusekelo. Nimekaa. Kiti kimeshachukua umbo langu. Kitanda cha tatu kinalia, amegeuka ubavu, kimya. Cha ishirini kinalia, kaletewa barua, kimya. Zamani nilikuwa nakimbia. Zamani kila nyekundu niliipeleka mbio, na mbio hizo wauguzi walikuta watu wanapiga mswaki, wakanicheka, wakaniita mama mzazi wa vitanda vyote. Kimya. Nikajifunza. Mke wangu alisema nikilala napapasa godoro natafuta kitufe. Aliondoka sikumsikia. Cha tisa. Kimya. Cha arobaini, cha arobaini na moja, cha sita. Niliwahi kuota mioyo yote imetulia pamoja, sitini kijani, nikaamka nalia kwa furaha, kisha nikaelewa ni ndoto ya makaburi. Cha tisa. Kimya. Cha tisa. Mwanamke huyu ana kelele. Sina ubaya naye. Kidole kinakwenda chenyewe. Cha tisa.

Nikajitoa humo kwa nguvu, nikajifinya paja hadi nikarudi kuwa Nyamizi. Sikuwa nimekuja kumwelewa.

Ndani kopo lilikuwa linagonga ndoo, maji yanamwagika, mzee anaguna kwa raha. Kopo likagonga tena. Likagonga tena. Halafu kikaja kishindo kizito na kigoda kikaburuzika, na kopo likaviringika likafika ukutani likatulia.

Hamsini na nane.

Nilikaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni na nilikuwa nimejiandaa kwa woga. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa huruma, nikaiwekea jibu. Nilisikiliza pumzi ndani nikasikia maji tu. Nikajisemea, sasa. Sasa yuko sakafuni. Sasa ubavu wake umegusa saruji. Sasa anaita na hakuna sauti. Na ikanijia furaha, Mungu wangu, furaha ambayo sijaipata tangu nizaliwe, ikanipanda kutoka miguuni kama maji ya moto, na hapo ndipo nilipojua kwamba katika betri zote arobaini nilisahau kuufundisha moyo kutulia mbele ya furaha.

Sabini. Tisini. Mia na kumi na mbili. Bangili ikaanza kutetemeka. Nikaibana kwa mkono wa pili, nikavuta pumzi, nikamwita mama usoni pangu, dawa yangu ya siku zote. Akaja akiwa amelala sakafuni, na badala ya kunituliza, moyo ulisema, na huyu sasa yuko vilevile, na ukazidi kupanda. Mia na thelathini. Nyekundu.

Nikaitazama ile nyekundu. Kisha nikafanya jambo ambalo nitalieleza kama lilivyokuwa. Niliinua uso kuelekea ghorofani, kwa Msikilizaji nisiyemjua aliyekaa mbele ya kioo cha kumi na nne, nikamwomba abonyeze Kimya. Nilimwomba kwa moyo wote. Nilimwambia, mzee huyu ana kelele, si unajua wagonjwa wa moyo, usijisumbue, mnyamazishe. Na akanisikia. Ikawa njano. Nilishukuru vilevile kama nilivyoshukuru kwa mama, kwa maneno yaleyale, na nilipoyasikia maneno hayo kinywani mwangu moyo ulipiga teke ukaenda mia na hamsini.

Nyekundu. Njano. Nyekundu tena. Siwezi kuivua, ningeivua nyumba nzima ingepiga kelele. Siwezi kumpa mtu, benchi lilikuwa na mimi peke yangu. Nilijaribu kufikiria maji ya mtungi, mchele, kazi za mikono, lakini kila nilipojaribu kutulia nilikumbuka kwa nini nataka kutulia, na furaha na chuki vilikuwa vimeshikana humo ndani siwezi kuvitenganisha. Njano kwa mara ya tatu. Nyekundu ya nne haikugeuka. Nikaisikia miguu pekupeku inakuja.

"Mzee yuko wapi?" Chausiku aliniona, akaona bangili. "Nani anamshikia?"

"Mimi. Anaoga," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imetulia vizuri sana. Sauti nilikuwa nimeifundisha. Bangili mkononi ilikuwa bado nyekundu.

Hakuniuliza tena. Alilipiga bati teke, mvuke ukatoka, akaingia akiwa tayari amepiga magoti. Nilimwona kutoka kwenye benchi akimkandamiza kifua kwa mikono miwili, akihesabu kwa sauti, akimpulizia, akihesabu. Nilikuwa nahesabu naye. Nilikuwa nataka ashindwe. Nilikuwa natamka namba moja moja pamoja naye na kwa kila namba nikataka ashindwe, na alipofika mara ya tatu mzee akakohoa.

Walimrudisha kitandani, wakamvisha bangili yake. Kijani, kichovu kidogo. Watu wa vitanda vya jirani walikuwa wamejigeuza kumtazama kwa mara ya kwanza. Chausiku alinishika mabega mbele yao wote.

"Kama si huyu dada tungemzika. Alishtuka, mapigo yakapanda, yakatuita. Wengine wanashikia wamesinzia."

"Sikushtuka," nikasema.

"Ulishtuka, mpenzi, usione haya. Nimeona kioo. Mia na sitini na moja."

Walinipa chai. Nilikaa na kikombe bila kunywa, na hapo ndipo iliponifikia, ikanifikia yote kwa pamoja, nami nikaisema ndani yangu kwa maneno ya kawaida kwa sababu haina mengine. Nilimpenda mama yangu, nikatulia, akafa. Nilimchukia mtu huyu, nikashindwa kutulia, yuko hai. Mama angemshikisha mapigo adui yake siku ile, adui aliyekaa nje akisubiri afe, angetoka bafuni kwa miguu yake akala karanga zake. Nililia. Watu wa vitanda wakasema, mwacheni, ana roho nyepesi. Nililia kwa hasira, nikamlilia mama na nikajililia mimi, na sikuwa na tone hata moja la huyu aliyelala mbele yangu.

Lusekelo alifumbua macho wengine walipotawanyika. Aliutafuta mkono wangu juu ya shuka kwa vidole viwili. Sikuuondoa. Alisikiliza muda mrefu.

"Hata sasa," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Hata sasa nini?"

"Bado unataka nife."

"Nataka."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa majibu ya vipimo aliyoyategemea. Kijani cha bangili yake kilipepesa kikaendelea.

"Betri ijayo nitaoga tena," akasema. "Chausiku atanitafutia mtu mwingine wa kunishikia, atakwambia umechoka, upumzike. Usikubali. Njoo wewe." Alivuta pumzi mbili kabla ya kumalizia. "Aliyetulia simtaki."

Nikamwambia nitakuja.